Moto juu, maji chini: kisa cha kadi tatu zilizopona kila zilipofika karakana

Majina ya mteja, muuzaji na mtengenezaji nimeyaondoa, na mji nimeuacha uwe mji wa pwani tu. Aina ya kadi za grafiki zenyewe, zile sehemu za kompyuta zinazochora picha, pia sitaitaja. Vipimo ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari la karakana. Makosa yetu nimeyaacha yalivyo, maana bila hayo kisa hiki kingekuwa cha aya mbili.

Usuli

Mteja ni ofisi ya wasanifu majengo yenye watu kumi na wawili. Wanachora ramani kama ofisi nyingine, lakini kinachowaletea wateja ni picha na video za nyumba ambayo bado haijajengwa: unaona sebule, jua linaingia dirishani, mnazi unatikisika nje ya ukuta. Picha hizo huchakatwa usiku kucha, wenyewe wanasema "kurenda". Wana mashine nane, zote za oda moja kutoka kwa muuzaji mmoja, na mzigo ulipitia Dubai kama mizigo mingi ya namna hii. Kila mashine ina kadi ya grafiki ya daraja la juu, inayokula zaidi ya wati 300 ikiwa kazini.

Kwa asiyefanya kazi hizi, wati 300 ni kama theluthi ya pasi ya umeme inayowaka saa nane mfululizo, na joto hilo lote linazaliwa kwenye chipu ya ukubwa wa stempu ya posta. Kadi haiwezi kukwepa kuzalisha joto hilo. Kinachoamua maisha yake ni kama joto linapata njia ya kutoka.

Malalamiko

Simu ilikuja katikati ya Januari, kaskazi ikiwa imepamba moto. Alikuwa kijana wao wa mitambo.

"Shikamoo fundi. Mashine tatu huku zinalia kama jenereta."

Mashine zilikuwa na miezi minne tu. Nilipofika nikakuta hali kama alivyoeleza: mashine tano zinavuma kawaida, tatu feni zake ziko kasi ya mwisho. Kazi ambayo mashine nzima ilimaliza kwa saa sita, hizi tatu zilichukua saa saba na nusu. Hakuna iliyozima ghafla wala iliyoonyesha mistari kwenye kioo. Zilikuwa zinafanya kazi, ila kwa shida.

Nikafungua programu ya vipimo. Kadi nyingi za kisasa hutoa namba mbili za joto. Ya kwanza ni joto la chipu kwa ujumla. Ya pili ni ya pale panapochemka kuliko kote ndani ya chipu, nami hapa nitapaita nukta moto. Zamani kadi ilikuwa na kipimo kimoja pembeni mwa chipu, basi. Siku hizi vipimo vimetawanywa kwenye chipu yote, na programu inakuonyesha kile kilichopanda zaidi.

Kwenye mashine ya kwanza, joto la jumla lilikuwa nyuzi 71 na nukta moto nyuzi 110.

Namba hizo nikaziandika. Niseme wazi kwamba niliziandika bila kuzisoma. Nyuzi 71 iliniridhisha, na 110 nikaichukulia kuwa mwisho unaoruhusiwa, maana hapo ndipo kadi hiyo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Pengo la nyuzi 39 kati ya namba hizo mbili, ambalo leo ndilo ninaloangalia kwanza kabla ya kitu kingine chochote, nililipita kama mtu anavyopita bango la barabarani.

Uamuzi wa kwanza: vumbi na chumba

Pwani mtu akiwa na homa, wa kwanza kushukiwa ni malaria, na kompyuta ikipata homa wa kwanza kushukiwa ni vumbi. Chumba kilikuwa na nyuzi 27, kiyoyozi kimoja kwa mashine nane, na dirisha linaloachwa wazi asubuhi. Tukapuliza mashine zote, tukasafisha feni, tukahamisha kiyoyozi kielekee upande wa mashine zilizokuwa zikilia. Haikusaidia kitu.

Nikang'oa kadi moja kati ya zile tatu nikaenda nayo karakana. Huko tuna meza ya majaribio: mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, imelazwa juu ya meza, haina kasha la kuifunika, kadi inachomekwa juu yake na kusimama kwa ubavu. Kila fundi anayo meza ya aina hiyo kwa sababu kila kitu unakifikia kwa mkono. Tukaipa kadi mzigo uleule kwa nusu saa. Nukta moto ikaishia nyuzi 84, na feni zikawa zinapumua polepole.

Nikampigia mkurugenzi. Nikamwambia kadi ni nzima, shida ni makasha yao, hewa haipiti vizuri. Wakati ule hoja ilionekana haina tundu: mezani hewa ni nyingi kadi inapoa, ndani ya kasha hewa ni kidogo inachemka, kwa hiyo kosa ni la kasha. Mkurugenzi akanunua makasha matatu makubwa yenye mlango wa wavu, na feni mbili za ziada kwa kila moja.

Wiki moja baadaye simu ikalia tena. Makasha mapya, kelele ileile.

Uamuzi wa pili: kufungua kadi

Mara hii nilifanya jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza, nikabadilishana kadi. Kadi inayochemka ikaingia kwenye mashine inayopoa, na ile inayopoa ikahamia kwenye mashine inayochemka. Ugonjwa ukafuata kadi. Kwa jaribio hilo la dakika arobaini kasha, pawa saplai, umeme wa jengo na kiyoyozi vyote vikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Makasha mapya yalikuwa yameshalipiwa.

Nikairudisha kadi karakana na kuiweka mezani. Nyuzi 85.

Tulikuwa watatu pale, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kadi inaumwa kwa mteja, ikifika kwetu inapona, kama mtoto anayelalamika tumbo asubuhi ya shule na kulisahau ikifika saa nne. Mwanafunzi wangu mmoja akasema labda ni umeme wa kule, nikamkumbusha kwamba kadi nyingine zinapoa kwa umeme huohuo. Akanyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu.

Ndipo nikafanya uamuzi ninaoujutia. Kwa ridhaa ya mkurugenzi nilifungua kadi moja, nikitegemea kukuta pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipoza ili joto lipite, imekauka au skrubu zimelegea. Stika ya dhamana iliyoziba skrubu mojawapo ikachanika, kama nilivyojua itachanika. Ndani nikakuta pesti laini, imeenea chipu yote, pedi zinazopitisha joto la chipu za kumbukumbu zimekaa sawa na alama zake zimejichora vizuri kwenye chuma. Mkusanyo safi kabisa. Nikaweka pesti mpya ya bei ghali nikaifunga. Mezani ilikuwa nyuzi 83, kwa mteja 110.

Kwa nini niliifungua? Kwa sababu fundi anajua kutumia bisibisi kuliko anavyojua kungoja, na kwa sababu nilishatoa jibu moja la uongo nikataka la pili lionekane kwa macho. Mkurugenzi, mama wa makamo, hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Fundi, mara ya kwanza ulisema kasha, mara ya pili umesema pesti. Mara ya tatu utaniambia nini?"

Kilichotokea sakafuni

Jibu halikutokana na akili yangu. Jioni moja tulikuwa tunabadilisha waya wa kioo kwenye mojawapo ya mashine zile tatu. Tulikuwa tumeizima. Waya mpya ulikuwa mfupi, kwa hiyo yule kijana akalaza kasha kwa ubavu sakafuni chini ya meza ili waya ufike, akawasha, na kazi ya usiku ikaanza. Tukaendelea na mambo mengine. Baada ya kama robo saa akauliza, "Fundi, ile imezima?"

Haikuwa imezima. Ilikuwa kimya. Nukta moto nyuzi 86.

Tukaizima, tukangoja ipoe, tukaisimamisha na kuiwasha tena. Dakika nne: 110, na feni zinapiga kelele. Tukaizima, tukailaza, tukawasha. 86. Tulirudia mara tatu kwa sababu hatukuamini, na mara ya tatu nilijikuta nacheka mwenyewe.

Mashine ikiwa imesimama, mazabodi nayo inasimama wima, na kadi inalala kifudifudi, feni zikitazama chini. Mashine ikilazwa, mazabodi inalala na kadi inasimama kwa ubavu, sawasawa na inavyosimama kwenye meza yangu ya majaribio. Kwa mwezi mzima nilikuwa naihamisha kadi kutoka mkao unaoiumiza kwenda mkao unaoiponya, kisha naandika kwenye daftari "nzima".

Kipimo kilichofuata

Safari hii tulifanya kwa utaratibu. Kadi zote nane, zilizo nzima na zilizo mbovu, zilipimwa kwenye mashine moja iliyosimama, kisha kwenye mashine hiyohiyo ikiwa imelazwa. Mzigo ulikuwa mmoja, nusu saa kila mkao, dakika ishirini za kupoa katikati, na joto la chumba likiandikwa kila mara. Kazi hiyo ilichukua siku mbili.

Kadi tano ziliishia kati ya nyuzi 82 na 88 mashine ikiwa imesimama, na ikilazwa hazikutofautiana kwa zaidi ya nyuzi 3. Zile tatu, mashine ikisimama, zilifika 110 kabla ya dakika tano huku joto la jumla likibaki kati ya 68 na 72, na kasi ya chipu ikaporomoka kutoka takriban megahezi 2,400 hadi 1,900. Mashine ikilazwa, zote tatu zilikuwa kati ya 83 na 89, na hapo usingeweza kuzitofautisha na dada zao.

Tukasoma namba za seriali. Za kadi tatu mbovu zilifuatana kwa karibu sana. Za kadi tano nzima zilikuwa mbali nazo.

Kinachofanyika ndani ya kipoza

Kadi hizi hazipozwi kwa kipande cha shaba pekee. Juu ya chipu inakaa chemba ya mvuke: kisanduku bapa cha shaba, kimenyonywa hewa yote, na ndani yake mna maji safi kidogo sana. Kuta za ndani zimefunikwa kwa unga wa shaba uliochomwa hadi ukashikamana na kuwa kama sponji. Maji yaliyo karibu na chipu yanachemka, na kwa kuwa hakuna hewa yanachemka kwa joto la chini. Mvuke unakimbilia upande wa mapezi (vibati vyembamba vya kutolea joto) unaopigwa na feni, unapoa na kurudi kuwa maji, kisha ile sponji ya shaba inayarudisha maji kwenye chipu. Kazi yake ni ileile ya utambi wa koroboi unaopandisha mafuta ya taa hadi kwenye mwali.

Aliyesoma kwa koroboi anajua kinachotokea mafuta yakipungua. Utambi hauwahi kupandisha, na mwali unaanza kula utambi wenyewe.

Sasa iweke chemba hiyo ndani ya mashine iliyosimama. Kadi imelala kifudifudi, chipu iko juu na kipoza kiko chini yake. Ni sufuria iliyopinduliwa: moto uko juu, maji yako chini, na kila tone lazima lipandishwe na utambi dhidi ya uzito wake. Chemba yenye maji ya kutosha na utambi mzuri inaimudu kazi hiyo bila shida, na kadi tano za ofisi ile zinaifanya kila usiku. Chemba iliyopunjwa maji inakauka pale panapohitaji maji kuliko kote. Joto la jumla linabaki la wastani kwa sababu sehemu kubwa ya chipu bado inapozwa, lakini nukta moto inaruka. Pengo la nyuzi 40 linatoka hapo.

Ugonjwa huu haukuwa mgeni duniani. Desemba 2022 AMD, kampuni kubwa ya chipu na kadi za grafiki, ilitoa kadi ya RX 7900 XTX kwa dola 999, yenye matumizi ya wati 355, na ndani ya wiki chache wanunuzi wakaanza kuripoti nukta moto ya nyuzi 110 kwenye kadi zenye kipoza cha kampuni yenyewe. Fundi Mjerumani anayejulikana kwa jina la der8auer alinunua kadi kutoka kwa walioathirika, akazipima kwa kuzigeuza, akaonyesha kwamba mkao ndio unaobadilisha joto, na akainyooshea kidole chemba ya mvuke. Januari 2023 Scott Herkelman, aliyekuwa akiongoza kitengo cha grafiki cha AMD, alieleza hadharani kwamba sehemu ndogo ya chemba ilitoka bila maji ya kutosha, na kwamba walioathirika watabadilishiwa. Kadi za mteja wangu hazikuwa za kampuni hiyo. Lakini ningekuwa nimefuatilia habari ile vizuri ilipotoka, mkurugenzi asingenunua makasha.

Kumbana muuzaji

Jibu la kwanza la muuzaji lilikuwa sentensi moja: nyuzi 110 ziko ndani ya kiwango cha mtengenezaji, hivyo kadi si mbovu.

Hakuwa anadanganya. Namba hiyo inatumika kihalali katika sekta. Mwaka 2019 AMD yenyewe ilieleza kuwa kadi zake za familia ya RX 5700 kufika nyuzi 110 kwenye nukta moto ni jambo linalotarajiwa na liko ndani ya kiwango, na hata baadhi ya waliolalamika mwisho wa 2022 walijibiwa kwanza kwamba joto lao ni la kawaida. Tatizo la kiwango cha namna hii ni kwamba kadi haiwezi kukivuka. Ikikifikia inajipunguzia kasi ili isikivuke. Kipoza kikauke nusu au kikauke chote, namba utakayoisoma ni 110 ileile. Ni kama kumpima mtu homa kwa kipima joto kinachoishia 38.

Kwa hiyo tuliamua kutobishana juu ya 110 hata kidogo. Barua yetu ya pili haikuitaja kama kosa. Ililinganisha kadi na kadi: nane za aina moja, oda moja, mashine moja, mzigo mmoja, tano hazijali mkao na tatu zinaujali. Tukaambatisha namba za seriali na video ya dakika sita isiyokatwa, ikionyesha mashine inasimamishwa, inazimwa, inapoa, inalazwa, na namba zinavyokwenda kwenye kioo wakati wote huo. Mwisho tukauliza swali moja: kama 110 ni kawaida, kadi tano zina kasoro gani?

Majibu yalichukua wiki tano. Wakati huo ofisi ilifanya kazi na mashine tatu zimelazwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, na kasi ilikuwa kamili. Muuzaji alikubali kubadilisha kadi mbili. Ya tatu, ile niliyoifungua, ilikataliwa kwa sababu ya stika. Nilibishana kidogo kwa ajili ya heshima tu, nilijua sina hoja.

Uchambuzi

Nianze na sisi. Kosa letu kubwa halikuwa kufungua kadi, ingawa hilo ndilo lililogharimu zaidi. Lilikuwa kuamini kwamba mezani kwetu ndipo mahali pa ukweli, na kwa mteja ndipo mahali pa lawama. Meza ya majaribio ilitengenezwa kwa urahisi wa fundi. Ilituondolea kasha, vumbi, joto la chumba, na bila sisi kujua ikatuondolea na mkao. Tulibadilisha vitu vinne kwa mpigo, ugonjwa ukatoweka, tukachagua kimoja kati ya vitatu tulivyokuwa tunavifahamu na kukihukumu. Cha nne hakikuwahi kuingia kwenye mjadala.

Jaribio la kubadilishana kadi lilikuwa bure kabisa, na lilikuja baada ya mteja kununua makasha matatu na feni sita. Hili sina la kulitetea.

Kilichofanya kazi ni kupima pia kadi nzima. Hapo mwanzo tulikuwa tunapima mbovu tu na kuzilinganisha na namba iliyochapishwa. Zile kadi tano ndizo zilizotupa kipimo halisi cha kadi hii, katika joto la pwani, ndani ya kasha, kwa kazi inayofanywa na ofisi ile. Bila hizo barua yetu ingekuwa malalamiko mengine kwenye rundo la malalamiko.

Sasa kiwandani. Chemba za mvuke kwa kawaida hutengenezwa na kiwanda kimoja, kadi zikaunganishwa na kingine, na jina la kwenye boksi likawa la kampuni ya tatu. Kila mmoja anamkagua mwenzake kwa sampuli. Utaratibu maarufu wa sampuli, ISO 2859-1, kwa ukaguzi wa kawaida unataka vipande 125 kutoka kwenye shehena ya vipande 1,201 hadi 3,200. Tuseme asilimia 2 ya shehena ni chemba mbovu. Mkaguzi akichukua 125 bila kuchagua, uwezekano wa kutokuta hata moja mbovu ni takriban asilimia 8. Akiwa na haraka akachukua 50, unapanda hadi asilimia 36.

Lakini hesabu hiyo inadhani mbovu zimetawanyika kama mawe kwenye mchele. Makosa ya mashine hayatawanyiki hivyo. Mashine ya kujaza maji ikipoteza kipimo asubuhi, chemba zote za asubuhi hiyo ni mbovu na za mchana ni nzima. Zinafuatana kwenye trei, zinafuatana kwenye kadi, zinafuatana kwenye namba za seriali, na zinaweza kuangukia ofisi moja tatu kwa mpigo huku maelfu ya wanunuzi wengine wakiwa hawana habari. Ndiyo maana kauli ya kiwanda kwamba "ni chache tu" inaweza kuwa kweli na bado isimsaidie aliyenunua nane. Sampuli inayomfaa mkaguzi hapa ni ile inayochukua kidogo kutoka kila trei na kila zamu. Chemba pia inaweza kupimwa uzito kabla na baada ya kujazwa, kila moja, kwa mizani. Kwa maoni yangu kipande cha shaba kinachobeba mzigo wote wa kadi ghali namna ile kinastahili kupita kwenye mizani.

Hata hivyo wingi wa sampuli hausaidii kama kipimo chenyewe ni kipofu. Kipimo chochote cha mwisho kinachofanywa kadi ikiwa imesimama kwa ubavu kitazipitisha kadi hizi zote, hata ukizipima moja moja asilimia mia. Najua hivyo kwa sababu nilizipitisha mara mbili. Na kipimo kinachouliza tu kama joto limevuka 110 kitazipitisha katika mkao wowote, maana halivuki. Kadi ilipaswa kuulizwa maswali mawili: pengo kati ya joto la jumla na nukta moto ni kiasi gani, na likoje kadi ikiwa imelala kifudifudi kama itakavyolala maisha yake yote.

Upo upande mwingine wa ubora ambao kisa hiki hakiugusi sana: kasoro zisizoonekana siku ya kwanza kwa kipimo chochote. Julai 2008 NVIDIA, kampuni nyingine ya chipu za grafiki, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zinakufa kwa sababu ya udhaifu wa malighafi zinazoshikilia chipu kwenye kibebeo chake. Zile zilipita ukaguzi zikiwa nzima kweli, zikachoka kwa kupashwa na kupozwa mara maelfu. Kadi zetu zilikuwa mbovu tangu zilipofungwa. Mtu akichanganya aina hizi mbili atadai kila kadi iwashwe siku tatu kiwandani, gharama itapanda, na chemba isiyo na maji itaendelea kupita ikiwa imesimama kwa ubavu.

Tulichobadilisha

Karakana sasa ina kasha la majaribio, zima, lenye milango yake, na linasimama wima. Kadi yoyote inayolalamikiwa joto inapimwa humo kwanza, na ikipona mezani tunaandika "imepona mezani", si "nzima". Fomu ya kupokea vifaa imeongezewa mstari mmoja: kifaa kilikuwa kimekaaje kilipoharibika? Wateja wengine wanaucheka. Hatuchani stika ya mtu mpaka muuzaji amejibu kwa maandishi. Ada ya kazi yote ile tuliisamehe, na gharama ya makasha tukachangia nusu. Mkurugenzi akasema yaishe.

Kadi ya tatu haikubadilishwa na haikutupwa. Iko kwenye mashine ya kona, karibu na mlango wa stoo, kasha limelala juu ya vipande viwili vya mninga, na inarenda usiku kucha kwa nyuzi 86. Dada anayefanya usafi aliisimamisha mara mbili kwa nia njema kabisa, akidhani imeanguka. Sasa ina karatasi iliyobandikwa juu yake kwa herufi kubwa za mkono: MGONJWA AMELALA. USIMWAMSHE.